Kaniki ya Bibi

Nguo hii nyeusi iliyoiva nili, ambayo machoni pa mgeni haina jamala yoyote, asili yake ni Bara Hindi. Nayo, baada ya kuvuka bahari majahazini hadi Unguja, Kilwa na Lindi, ilipandishwa bara vichwani mwa wapagazi mpaka Masasi na Newala, ambako baadaye Mhindi mwenye duka aliipima kwa mkono wake, mikono 4 ikawa shuka na shuka 2 zikawa doti.

Huko pwani kaniki ilidharauliwa kuwa vazi la watumwa. Na wale walioachwa huru, waliofika Masasi pamoja na Askofu Edward Steere mwaka 1876, hatudhani kuwa walikuwa wageni wa dharau hiyo. Lakini huku juu Umakondeni iliupata wasaa wake: bibi, akiisha kumketisha mjukuu wake mkekani, huikunjua kaniki aliyoihifadhi, akamwonyesha namna ya kuikaza kifuani isifunguke wakati wa kulima wala wa kutwanga, huku akimtania kwa kumwita mke mwenzangu. Ikiwa mpya huchuja, ikamwachia binti rangi ya samawati mwilini.