Ufahamu wa Kiingereza Mjini Kindu: Historia ya Somo Linaloeleweka kwa Kiswahili

Mwaka 1871, huko Nyangwe kwenye ukingo wa mto Lualaba, David Livingstone aliishiwa na karatasi. Alichukua kurasa za gazeti la The Standard la London, akaandika habari za kila siku juu ya herufi zilizokwisha kupigwa chapa, kwa wino alioutengeneza kutokana na matunda ya porini. Katika kurasa hizo alisimulia mauaji ya tarehe 15 Julai, pale watu wa misafara ya biashara walipowafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na wengine wengi wakafa maji mtoni. Habari hiyo ilisomwa Uingereza, ikawa miongoni mwa mambo yaliyouharakisha mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja. Waliofiwa hawakuisoma.

Kurasa hizo ni miongoni mwa maandishi ya awali kabisa ya Kiingereza yaliyoandikwa katika nchi ambayo leo ni jimbo la Maniema. Tunazitaja mwanzoni kwa sababu zinatupa swali la makala haya: kusoma Kiingereza na kukifahamu kumekuwa na maana gani kwa watu wa Maniema, na hasa kwa vijana wa Kindu, makao makuu ya jimbo, wanaojiandaa kwa mtihani unaowafungulia mlango wa chuo kikuu? Tutajaribu kuonyesha kwamba ufahamu wa Kiingereza mjini humo umejengwa juu ya Kiswahili, ilhali mtihani wenyewe haukitambui Kiswahili hata kidogo. Na kwamba kutotambuliwa huko kuna historia yake.

Kusoma kabla ya shule za Wabelgiji

Ni kosa kudhani kwamba stadi ya kusoma matini ya lugha ya kigeni na kuieleza ilianza Maniema pamoja na ukoloni. Kiswahili kiliingia nchini humo kwa njia ya misafara ya biashara katika karne ya 19, kikashika mizizi Nyangwe na Kasongo, kisha kikaenea kuteremka Lualaba. Pamoja nacho zilifika hati za Kiarabu na chuo cha Kurani. Katika mapokeo ya pwani, mwanachuoni husoma aya kwa Kiarabu, kisha huifasiri kwa Kiswahili mbele ya wanafunzi wake, akifafanua neno baada ya neno. Matini ni ya lugha moja, ufahamu ni wa lugha nyingine, wala hakuna aibu yoyote katika jambo hilo. Mapokeo hayo ndiyo waliyokuwa nayo Waungwana wa Maniema.

Wala Kiswahili hakikuwa lugha ya kufasiria tu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeitawala sehemu kubwa ya nchi hiyo kutoka Kasongo, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Hatuna haja ya kuyasifu matendo ya mwandishi ili tukiri kwamba moja ya vitabu vya kwanza vya historia ya Maniema kiliandikwa kwa Kiswahili, na mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake.

Vita vya 1892 hadi 1894 baina ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu wa Maniema vilivunja utawala huo. Kiswahili chenyewe hakikuvunjika: askari, watumishi wa reli na wamisionari walikihitaji. Kindu ilikua kutokana na haja hizo hizo, kwa kuwa ndipo reli itokayo kusini ilipokutana na mto unaopitika kwa meli hadi Ubundu. Lakini elimu ilichukua njia nyingine. Hadi miaka ya 1940, ruzuku za serikali ya kikoloni kwa shule ziliwaendea hasa wamisionari Wakatoliki wa Kibelgiji. Hati za Kiarabu zilibaki nje ya shule rasmi, na jamii za Waislamu, ambazo ni kubwa Kindu na Kasongo, zilichelewa sana kupata shule zinazotambuliwa na serikali. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kilatini, kikafundishiwa madarasa ya chini, kisha kikaachwa mlangoni mwa sekondari. Ndani ya mlango huo palikuwa na Kifaransa.

Mtihani wa Serikali

Baada ya uhuru mwaka 1960 shule za sekondari ziliongezeka haraka, nazo hazikuwa sawa kwa walimu wala kwa vifaa. Serikali ilitaka kipimo kimoja kwa nchi nzima. Ndipo ulipoanzishwa Mtihani wa Serikali, uitwao kwa Kifaransa Examen d'État, ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Mtahiniwa aliyemaliza sekondari akifikisha asilimia 50 hupata diploma ya serikali, na bila diploma hiyo hakuna chuo kikuu. Majibu ya sehemu kubwa ya mtihani yamekuwa yakisahihishwa Kinshasa.

Ili jambo hilo liwezekane katika nchi kubwa kiasi hicho, sehemu kubwa ya mtihani ilipewa umbo la maswali ya kuchagua: swali moja, majibu kadhaa yenye namba, na mtahiniwa huchagua namba. Watahiniwa na walimu wao huyaita itemu. Umbo hili lina haki yake, nasi hatulilaumu kwa wepesi. Msahihishaji hamjui mtahiniwa, hajui kabila lake wala dini yake, na mtoto wa Kindu hupimwa kwa mizani ile ile apimwayo mtoto wa Kinshasa.

Kiingereza huwekwa pamoja na Kifaransa katika siku ya lugha. Mtahiniwa hupewa kifungu cha habari na maswali juu yake, pamoja na maswali ya sarufi na msamiati. Kiswahili hakimo. Hapa yafaa kulinganisha. Katika mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, karatasi ya Kiswahili ina sehemu ya ufahamu na sehemu ya ufupisho, na mtahiniwa huandika majibu yake. Kwa hiyo kijana wa Mombasa hupimwa kama anaweza kusoma na kufahamu kwa Kiswahili, na kijana wa Kindu, ambaye huzungumza Kiswahili sokoni, kanisani, msikitini na uwanjani, hapimwi hivyo katika siku hiyo ya lugha.

Namna ya kujiandaa

Mtahiniwa wa Kindu hukifikia kifungu cha Kiingereza baada ya kupita lugha nyingine tatu. Nyumbani huenda amezaliwa katika Kikusu, Kilega, Kizimba, Kisongola au Kigenya. Mjini anaishi kwa Kiswahili. Shuleni anafundishwa kwa Kifaransa. Kiingereza hukutana nacho sekondari, kama somo, akisikia kidogo sana nje ya darasa.

Katika hali hiyo maandalizi huwa ya namna mbili. Ya kwanza twaweza kuiita kuwinda neno. Mwanafunzi huchukua itemu za miaka iliyopita, husoma swali kabla ya kifungu, hutafuta katika kifungu neno lililo katika swali, kisha huchagua jibu lenye maneno ya sentensi ile ile. Mbinu hii huleta alama mara nyingi. Lakini mtu anaweza kuitumia barabara asijue kifungu kilihusu nini, kwa kuwa haimdai kusema jambo lolote kwa maneno yake mwenyewe.

Ya pili hufanyika katika vikundi vya wanafunzi wanaosoma pamoja. Mmoja husoma sentensi, mwingine huieleza, wa tatu hupinga, na ubishi huo wote huendeshwa kwa Kiswahili kilichochanganywa na maneno ya Kifaransa ya shuleni. Ni tafsiri ile ile ya chuoni, ingawa matini imebadilika. Ufahamu hasa hutokea hapa, na hapa ndipo pasipo na mtahini.

Mchango wa Kiswahili wenyewe

Wako walimu wanaosema kwamba kupitia Kiswahili ni kuzunguka mbuyu: Kifaransa ni jirani wa Kiingereza, hivyo mwanafunzi apitie Kifaransa. Hoja hii ina ukweli kwa upande wa msamiati, ingawa hata huko mna mitego. Anayejua Kifaransa huona "library" akadhani ni duka la vitabu, na huona "lecture" akadhani ni kusoma, kumbe ni mhadhara.

Kwa upande wa sarufi, jambo hubadilika. Tuchukue sentensi mbili: "The teacher left" na "The teacher has left". Kifaransa cha mazungumzo hutumia umbo moja, "est parti", kwa zote mbili, na mwanafunzi anayepitia huko haoni tofauti. Kiswahili kinayo tayari: mwalimu aliondoka, mwalimu ameondoka, au kwa kinywa cha Kindu, ameisha kuondoka. Matumizi ya lugha hizi mbili hayalingani kila mahali, lakini mwalimu anayeanzia hapo ana mfano ambao kila mtoto darasani amekwisha kuutumia asubuhi ile ile.

Kiswahili pia hutuonyesha mahali penye hatari. Tuseme kifungu kina sentensi hii: "The boy gave the girl her book". Swali ni, kitabu ni cha nani? Kiingereza kimekwisha kujibu kwa neno "her". Lakini Kiswahili husema mvulana alimpa msichana kitabu chake, na Kifaransa husema "son livre". Katika lugha zote mbili mwenye kitabu aweza kuwa yeyote kati yao. Kijana wa Kindu hukosa swali hilo si kwa uvivu. Lugha mbili anazozitegemea hazimfundishi kulitazama neno hilo dogo. Akionyeshwa mara moja kwa kulinganisha, hatalisahau. Akipewa itemu 100 bila maelezo, atalikosa mara nyingi.

Matamko na utekelezaji

Suala la lugha za taifa shuleni si jipya. Mkutano wa wanaisimu uliofanyika Lubumbashi mwaka 1974 ulitetea matumizi ya lugha hizo katika elimu. Katiba ya mwaka 2006 inavitaja Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa nafasi kama lugha za kufundishia. Hata hivyo mwalimu hufuata mtihani kuliko sheria. Kisichopimwa hakifundishwi, na kisichofundishwa huonekana baada ya muda kuwa hakistahili kufundishwa.

Wakati huo huo haja ya Kiingereza imeongezeka. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipofika Kindu mwaka 2001, wakati wa vita, mwenye Kiingereza na Kiswahili alikuwa na kazi ya ukalimani ambayo mwenye Kifaransa peke yake hakuweza kuipata. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wa 1999 ulikifanya Kiingereza lugha rasmi na kukitaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Lugha moja ambayo mtihani wa Kindu unaipima na lugha nyingine ambayo haupimi ndizo hizo mbili.

Hitimisho

Hatupendekezi mtihani ubadilishwe kesho. Tunalopendekeza liko ndani ya uwezo wa mwalimu yeyote wa Kindu, na hasa wa vyuo vinavyowaandaa walimu mjini humo: kila kifungu cha Kiingereza kinaposomwa, kabla ya kugusa itemu, wanafunzi wakieleze kwa Kiswahili, kisha waandike muhtasari wake kwa Kiswahili katika sentensi tano au sita. Asiyeweza kuandika muhtasari huo hajakifahamu kifungu, hata kama amechagua namba sahihi.

Turudi Nyangwe. Wino wa Livingstone ulififia kiasi cha kutosomeka, na ni mwaka 2011 tu ambapo wataalamu, kwa kupiga picha kwa miale ya mwanga wa aina mbalimbali, walichapisha kurasa zile kama zilivyoandikwa. Ikaonekana kwamba maelezo yake ya awali hayalingani kila mahali na kitabu kilichohaririwa na Horace Waller mwaka 1874, na mahali pasipolingana panahusu hata mwenendo wa watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe. Kusoma matini hizo mbili, kuziweka bega kwa bega na kuuliza kwa nini zinatofautiana ni kazi ya ufahamu kwa maana kamili ya neno hilo. Hakuna namba ya kuchagua hapo. Mauaji yalitokea katika soko la Maniema, mashahidi walikuwa watu wa Maniema, na matini ni ya Kiingereza. Anayestahili zaidi kuisoma na kuihoji ni kijana wa Kindu. Naye ataweza, iwapo shule itamruhusu kuifahamu kwa lugha anayoifikiria.