Margaret Clitherow: mke wa muuza nyama aliyekataa kujibu mahakamani

Katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, kuna mtaa mwembamba uitwao Shambles. Zamani ulikuwa mtaa wa mabucha. Hapo aliishi Margaret Clitherow, mama wa watoto, aliyeuawa mwaka 1586 kwa ajili ya imani yake ya Kikatoliki.

Alikuwa nani?

Margaret alizaliwa York katika miaka ya 1550. Baba yake, Thomas Middleton, alikuwa mtengeneza mishumaa. Mwaka 1571 aliolewa na John Clitherow, mwenye bucha. Miaka michache baadaye akawa Mkatoliki. Mumewe hakumfuata, lakini alimlipia faini kwa kutohudhuria ibada za kanisa la serikali. Margaret alifungwa zaidi ya mara moja, na gerezani ndiko alikojifunza kusoma.

Kwa nini alikamatwa?

Mwaka 1585, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ilipitishwa sheria kwamba anayempa padri hifadhi anaweza kunyongwa. Margaret hakuacha kuwaficha mapadri, na Misa iliendelea kusomwa kwake. Machi 1586 nyumba ilipekuliwa. Mtoto mmoja wa kigeni aliyeishi humo alitishwa, akaonyesha chumba cha siri. Padri hakupatikana, ila mavazi na vyombo vya Misa vilikutwa.

Kwa nini hakujibu?

Aliulizwa: una hatia au huna? Akakataa kusema lolote kati ya hayo. Msikilizaji, hakuwa mkaidi tu. Alijua kesi ikisikilizwa, watoto wake na watumishi wa nyumbani wangeitwa kutoa ushahidi dhidi yake, na raia walioteuliwa kuamua kesi wangebeba damu yake.

Sheria ya wakati ule haikuruhusu kesi kuendelea bila jibu la mshtakiwa. Lakini ilikuwa na adhabu kwa anayenyamaza: kulazwa chini na kugandamizwa kwa vitu vizito.

Tarehe 25 Machi 1586 Margaret alilazwa chali, jiwe lenye ncha likiwa chini ya mgongo wake. Mlango uliwekwa juu yake, na juu ya mlango mizigo mizito. Alikufa baada ya kama robo saa.

Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu tarehe 25 Oktoba 1970, pamoja na wafiadini wengine 39 wa Uingereza na Wales. Binti yake, Anne, alikuwa mtawa huko Louvain. Hakuna mtoto wake aliyesimamishwa mahakamani kumshuhudia mama yake.