Füvészkert (Budapest)

Füvészkert ni bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd katika mji wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Iko katika mtaa wa Józsefváros, yaani wilaya ya nane ya mji, na ina eneo la hektari 3 hivi. Ndiyo bustani ya mimea ya kale kuliko zote za Hungaria. Inajulikana kwa mikusanyo yake ya mimea, kwa sherehe zinazofanyika humo kila mwaka, na zaidi kwa riwaya moja ya watoto ambayo karibu kila Mhungaria ameisoma akiwa shuleni.

Jina lake linatokana na maneno mawili ya Kihungaria: "füvész", neno la zamani kwa mtaalamu wa mimea (kutoka "fű", yaani nyasi au majani), na "kert", yaani bustani.

== Historia ==
Bustani ilianzishwa mwaka 1771 huko Nagyszombat, mji ambao leo unaitwa Trnava na uko nchini Slovakia. Chuo kikuu kilikuwa huko wakati ule, na kitivo chake kipya cha tiba kilihitaji mahali pa kuwafundishia waganga mimea ya dawa. Chuo kilipohamia Buda mwaka 1777, bustani ilikifuata, kisha ikavuka mto Danube hadi Pest na kuhamishwa tena mara kadhaa. Miongoni mwa walioisimamia alikuwemo Pál Kitaibel (1757–1817), aliyesafiri sehemu nyingi za Hungaria ya wakati ule akikusanya na kueleza mimea. Jenasi ya Kitaibela imepewa jina lake.

Mahali ilipo leo bustani ilifika mwaka 1847, baada ya kununuliwa kwa shamba la familia ya kikabaila ya Festetics. Nyumba yao ya kupumzikia wakati wa joto bado imesimama ndani ya bustani. Nyumba kubwa ya vioo ya mitende ilijengwa katika miaka ya 1860. Msomaji wa Afrika ya Mashariki aelewe kwamba nyumba ya namna hiyo si pambo. Baridi ya Sumbawanga ya mwezi Juni na Julai humlazimisha mtu kuvaa koti. Baridi ya Budapest ya mwezi Januari hugandisha maji, na mtende ulioachwa nje usingefika masika. Ndiyo maana mimea ya nchi za joto hukaa ndani mwaka mzima na kupashwa moto.

Mwanzoni bustani ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko ilivyo leo. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 sehemu kubwa ilikatwa ili kujenga kliniki za kitivo cha tiba. Kitivo kilekile ambacho bustani iliundwa kwa ajili yake ndicho kilichoimega. Iliharibiwa vibaya pia wakati Budapest ilipozingirwa katika majira ya baridi ya 1944–1945. Leo eneo lililobaki linalindwa kisheria.

== Katika fasihi ==
Mwandishi Ferenc Molnár (1878–1952), aliyekulia Józsefváros, aliitumia bustani hii katika riwaya yake ''A Pál utcai fiúk'' (Wavulana wa Mtaa wa Pál), iliyotolewa kama kitabu mwaka 1907. Inahusu makundi mawili ya wavulana wanaogombea kiwanja kitupu cha kuchezea mpira. Kundi la Mtaa wa Pál linakimiliki kiwanja. Kundi la Mashati Mekundu, linaloongozwa na Feri Áts, hukutana kwenye kisiwa kidogo katika ziwa la Füvészkert.

Mhusika anayekumbukwa zaidi ni Ernő Nemecsek, mvulana mdogo na dhaifu kuliko wenzake, naye pekee ni askari wa kawaida katika kundi ambalo wengine wote ni maofisa. Anaingia bustanini pamoja na wenzake usiku kuwapeleleza maadui, anatumbukia ziwani, kisha analazimika kujificha ndani ya bwawa la samaki katika nyumba ya mitende. Baadaye anarudi peke yake, anakamatwa na kuzamishwa majini kwa makusudi. Anapata nimonia na kufa. Kiwanja alichokifia nacho kinachukuliwa kwa ujenzi wa jengo la kupangisha. Wanaokiona kitabu hiki kama hadithi ya michezo tu hawajafika mwisho wake.

Riwaya imetafsiriwa katika lugha nyingi, na filamu ya Zoltán Fábri ya mwaka 1969 iliyotokana nayo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Kwa kuwa kitabu husomwa katika shule za msingi, watoto wengi wa Hungaria huifahamu Füvészkert kwa jina kabla hawajafika Budapest, na wanapofika huuliza kwanza lilipo bwawa la Nemecsek.

== Sherehe na matukio ==
Mwezi Juni bustani hushiriki katika Usiku wa Makumbusho (''Múzeumok Éjszakája''), ambao hufanyika kote nchini siku ya Jumamosi iliyo karibu na Usiku wa Mtakatifu Ivan, yaani tarehe 24 Juni. Katika mila za Kihungaria huo ni usiku wa kuwasha mioto na kuiruka, ukiwa miongoni mwa mifupi zaidi ya mwaka. Makumbusho na taasisi hufungua milango hadi usiku wa manane kwa tiketi moja.

Sherehe nyingine mashuhuri ni ya mwezi Aprili, wakati micheri ya Kijapani inapochanua. Familia hutandika mikeka chini ya miti, na huonyeshwa sanaa na michezo ya Japani. Mgeni anaweza kushangaa kwamba sherehe kubwa ya bustani hii ya Kihungaria ni ya asili ya Japani, lakini hiyo ndiyo tabia ya bustani za mimea: hupokea vitu vya mbali mpaka vikawa vya nyumbani. Ua linaloonekana katika madirisha ya vijiji vya Hungaria na kuhesabiwa kuwa alama ya nchi, ''muskátli'' (Pelargonium), asili yake ni Afrika Kusini. Hata paprika, pilipili inayotia rangi vyakula vya Kihungaria, ilitoka Amerika.

== Uhusiano na Afrika ya Mashariki ==
Ua la ndani linalopendwa sana Hungaria ni urujuani wa Usambara (Saintpaulia), uliopewa jina la kisayansi mwaka 1893, mwaka uleule Wajerumani walipoanzisha Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam. Wahungaria huliita ''fokföldi ibolya'', yaani "urujuani wa nchi ya Rasi", kana kwamba limetoka Cape Town. Jina hilo ni kosa: kwao ni milima ya Tanzania na Kenya, ambako aina za mwituni zinapungua kadiri misitu inavyokatwa.

Wahungaria wenyewe pia waliifikia mimea ya huku. Kabaila Sámuel Teleki, aliyesafiri na Ludwig von Höhnel hadi ziwa linaloitwa sasa Turkana mwaka 1888, ameachiwa jina lake katika Lobelia telekii ya Mlima Kenya. Katika karne ya 20 mtaalamu wa mimea Tamás Pócs alifundisha Morogoro na kuichunguza milima ya Uluguru. Alipima maji yanayoshikwa na mimea midogo isiyo na maua, ile inayofunika magome ya miti ya msituni kama sufu ya kijani. Mimea hiyo hunasa mvua na ukungu na kuyaachia maji polepole. Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam hupata maji yake mengi kutoka kwake, huanzia katika milima hiyo.