Kisulisuli cha Sumaku

Supakondakta ni dutu ambayo, ikipozwa vya kutosha, hupitisha umeme bila ukinzani. Heike Kamerlingh Onnes aliligundua jambo hili mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, katika zebaki iliyopozwa hadi kelvini 4.2 hivi. Mtu angeweza kuiita kipitishi kamili. Mimi naliogopa neno hilo "kamili", na kinachonitia hofu ni visulisuli.

Zipo supakondakta zinazoufukuza uga wa sumaku usiingie kabisa. Za aina ya pili huuruhusu upenye, lakini kwa nyuzi nyembamba, na kila uzi umezungukwa na mkondo wa elektroni usiokoma. Katikati ya uzi, dutu imerudi kuwa metali ya kawaida. Kitu chenye kitovu na mzunguko, tena kinachohama: hicho ni kisulisuli. Jina la kimbunga lingekuwa kubwa mno. Tofauti moja tu: visulisuli vya vumbi hupishana ukubwa, ilhali hivi vya sumaku vyote hubeba kiasi kilekile cha sumaku, weba 2.07 × 10⁻¹⁵.

Kwa kuwa husukumana, visulisuli hujipanga. Mwanafizikia Alexei Abrikosov wa Urusi alichapisha hesabu ya mpangilio huo mwaka 1957 akidhani ni wa miraba. Mwaka 1964 ikaonyeshwa kwamba pembetatu ndiyo tulivu zaidi. Mpangilio huo nauita kimia. Katika uga wa tesla 1, kisulisuli na jirani yake hutengana kwa nanomita 49 hivi. Nobeli ya Abrikosov ilikuja mwaka 2003, na haikuwa na haraka.

Sasa pitisha umeme. Mkondo huvisukuma visulisuli kukingama na njia yake, na kisulisuli kinachotembea huzalisha volti. Volti penye mkondo ni joto. Ukamilifu umekwisha. Mkondo ukiwa mdogo, dosari za fuwele huvinasa vikatulia. Ukiongezwa, baadhi huchomoka na kupita vijia vilivyopindapinda huku wenzao wamebaki, na kimia huchanika. Ajabu ni kwamba mkondo ukizidi tena, kimia hujishona. Visulisuli vinavyokimbia havipi dosari nafasi ya kuvivuta kimoja kimoja. Mivuto ya dosari hujifuta kwa wastani. Wanafizikia Koshelev na Vinokur walilieleza hili mwaka 1994. Miaka miwili baadaye wenzao Giamarchi na Le Doussal walionyesha kwamba visulisuli hivyo hufuatana kwa foleni, sambamba na mwelekeo wa mwendo.

Mpangilio huo unapendeza kuutazama, lakini mhandisi hautaki, maana bado unatoa joto. Anachotaka ni visulisuli vilivyonaswa. Ndiyo maana ndani ya waya wa niobi na titani, unaotumika katika mashine nyingi za MRI hospitalini, huachwa kwa makusudi chembe ndogondogo za titani: kazi yake ni kuvishika visulisuli visitembee.