Dk. Wilbert Chagula: Mkuu wa Chuo Aliyekuwa Balozi

Katika nchi ya Usukuma, ianziayo ufukoni mwa Ziwa Victoria hapo Mwanza na kuenea kusini hata Shinyanga, maji ndiyo kipimo cha neema. Aishiye ziwani huyaona kila asubuhi. Aishiye Shinyanga huyangoja mawinguni. Huko Shinyanga alizaliwa Wilbert Kumalija Chagula mwaka 1926.

Alisomea udaktari Makerere, kisha akafundisha huko elimu ya viungo vya mwili. Mwaka 1965 alishika nafasi ya Cranford Pratt, akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Cheo hicho hakikuwa cha raha. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, naye Rais Nyerere akawafukuza zaidi ya 300. Swali likabaki mlangoni mwa chuo: msomi ana deni gani kwa mkulima amlipiaye elimu?

Maisha ya Chagula tangu hapo yaweza kusomwa kuwa jibu. Mwaka 1970, chuo kilipopata kujitegemea, yeye aliingia serikalini kuwa Waziri wa maji na umeme. Mwaka 1971 ukaanzishwa mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwanakijiji maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Kisha alishika mipango ya uchumi, na baadaye akawa balozi katika Umoja wa Mataifa, Geneva.

Wako wasemao kuwa chuo kilipoteza mwalimu. Hoja hiyo si nyepesi, kwani wasomi wa nchi walikuwa wachache mno. Walakini maji ya ziwa hayakuwa kazi ya mafundi peke yao. Mapatano ya Uingereza na Misri ya mwaka 1929 yaliyafunga, na ilibidi Tanganyika itangaze mwaka 1962 kuwa haifungwi nayo. Bomba lahitaji mhandisi. Lahitaji pia mtu ajuaye kusema na mataifa.

Mwaka 1991 ulipita na lengo halikufikiwa. Bomba lichotalo maji Ihelele, wilayani Misungwi, na kuyapeleka Shinyanga na Kahama, lilizinduliwa mwaka 2009. Kazi ya namna hiyo hupita umri wa uwaziri na wa ubalozi. Basi apimaye alichokiacha Chagula chuoni, na apime pia safari ya mwanamke mwenye mtungi kichwani.