Bima ya "mateka": kwa nini waliikimbiza Bermuda?

Niko Makongeni (ya Thika, si ile ya Nairobi). Leo tuweke kompyuta kando kidogo tuongee historia.

Mjomba wangu ana matatu mbili hapa mjini. Juzi aliniomba nimtengenezee programu ya kuhesabu michango ya SACCO yao, maana wamechoka kulipia bima za wengine na wanataka kampuni yao. Akauliza, "Sasa tuiandikishe wapi?" Nikamjibu haraka haraka: popote penye unafuu, kama tunavyochagua seva. Baadaye nikaenda kusoma.

Mwanzilishi wa jambo hili ni Frederic Reiss, mhandisi wa Ohio, Marekani. Miaka ya 1950 kampuni ya chuma ya Youngstown Sheet and Tube ilikuwa na migodi iliyouzia viwanda vyake tu, nayo ikiitwa migodi "mateka". Reiss akawaza: mbona isiwepo na bima mateka, kampuni inayomkinga mwenyewe aliyeianzisha? Tatizo likawa sheria za majimbo, zilizodai mtaji mkubwa. Mwaka 1962 akafungua ofisi Bermuda, kisiwa chenye kodi nafuu na masharti mepesi. Wengine wakamfuata. Mwaka 1976 hospitali zinazohusiana na Harvard, zilipolemewa na gharama za bima ya makosa ya madaktari, zilianzisha yao visiwa vya Cayman. Vermont ikaona pesa zinatoka nje ya Marekani, ikatunga sheria yake mwaka 1981. Huku kwetu, Mauritius ilipitisha ya kwake mwaka 2015.

Je, mjomba apeleke yake Mauritius? Hapana! Sheria ya Bima ya Kenya, iliyoanza kutumika 1987, hairuhusu kukatia bima ya mambo ya Kenya kwa kampuni isiyosajiliwa hapa bila kibali cha msimamizi. Na matatu haiingii barabarani bila bima ya kulinda abiria na wapita njia kutoka kampuni inayotambuliwa.

Mwanzoni niliona huo ni urasimu tu. Kisha nikakumbuka United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011. Zote zilikuwa na bima za matatu, zote zikawekwa chini ya meneja wa kisheria, na waliokuwa wakidai wakabaki wakingoja. Hizo zilikuwa na ofisi Nairobi!

Hapo ndipo seva na bima zinapoachana. Seva ikizima, unahamisha faili. Kampuni ya Cayman ikiyumba, nyuma yake zipo hospitali kubwa zenye uwezo wa kulipa. Ya kwetu ikiyumba, nyuma yake yuko mjomba na matatu mbili, moja ikiwa gereji.

Nilipomweleza, alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo swali ni mama aliyegongwa hapa Makongeni ataenda kudai mlango gani."

Naam, mjomba. Programu ya michango nitamaliza wiki ijayo. Ya bima, tutafute kwanza mtaji na leseni hapa hapa nyumbani.