Jiwe Lililopita Motoni: Kutoka Makaburi ya Kunduchi hadi Tanuri la Wazo

Makaburi ya kale ya Kunduchi, wilayani Kinondoni, yako katikati ya vitu viwili. Upande wa bahari kipo kisiwa cha Mbudya, ambacho kimezungukwa na matumbawe yaliyo hai. Upande wa bara, ukivuka Barabara ya Bagamoyo, kipo kilima cha Wazo, ambacho ni matumbawe pia, ila yalikufa zamani sana, enzi ambazo bahari ilifika huko juu. Na makaburi yenyewe yamejengwa kwa tumbawe, yakaunganishwa kwa chokaa ya tumbawe, yakapigwa lipu ya chokaa hiyohiyo.

Ukiwauliza wakazi wa Dar es Salaam mji wao umejengwa kwa nini, wengi watajibu simenti. Jibu hilo si kosa, ila ni fupi. Kwa karne nyingi pwani hii imejengwa kwa jiwe moja lililopitishwa motoni. Kilichobadilika ni ukali wa moto, chanzo chake, na muda ambao fundi alikuwa tayari kusubiri.

Mawe na tabia zake

Si kila jiwe linaupokea moto kwa namna moja. Jiwe laini la Tabaka, kule Kisii nchini Kenya, linachongeka kwa kisu na panga, na jamii yake huvumilia joto bila kupasuka. Ndiyo maana Wafini hulitumia jiwe la aina hiyo kujengea meko ya ndani na majiko ya nyumba zao za kuogea mvuke: likishapata moto, hulihifadhi joto kwa saa nyingi baada ya kuni kuwa majivu. Pwani yetu nayo iliwahi kulijua. Vyombo vilivyochongwa kwa jiwe la jamii hiyo huko kaskazini mwa Madagaska vilivuka bahari kwa biashara, na vipande vyake vimefukuliwa Kilwa na katika miji mingine ya kale ya Waswahili.

Tumbawe halina tabia hiyo. Ukiliweka motoni halitunzi joto wala halibaki lilivyo, bali linageuka kitu kingine kabisa. Waashi wa pwani waliuona udhaifu huo wakaufanya mtaji.

Walilifahamu tumbawe kwa aina mbili. Lile linalokatwa baharini likiwa bichi ni laini na lina chembe ndogo zilizoshikana vizuri. Fundi alilichonga likingali na unyevu, akatoa nakshi za mihrabu na miimo ya milango, kisha likakauka na kuwa gumu. Lile la nchi kavu ni gumu na lina matundu. Hilo lilivunjwa vipande kwa ajili ya kuta, na vipande vilivyobaki vikaenda kuchomwa chokaa.

Ufundi huu una umri mkubwa. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Hata hivyo tusidhani kwamba kila mtu aliishi kwenye jumba la mawe. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, aliueleza mji wenye nyumba za mbao. Jiwe na chokaa vilikuwa vya msikiti, vya watawala na matajiri, na vya wafu wao.

Kazi ya tanuu

Tanuu ya chokaa ya kienyeji haikuwa jengo. Ilikuwa rundo. Wachomaji walipanga magogo kwa duara, ya mikoko, minazi au mti wowote ulioweza kupatikana, yakapandishwa tabaka juu ya tabaka. Juu yake wakamwaga vipande vya tumbawe. Moto ulitiwa katikati, na rundo likaungua usiku kucha na zaidi, likididimia taratibu kadiri magogo yalivyokwisha.

Ili tumbawe ligeuke, joto linapaswa kufika takriban nyuzi 900. Hapo jiwe hutoa hewa ya kaboni liliyoifunga tangu lilipokuwa kiumbe cha baharini. Katika kila kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 tu, na 44 zimepaa hewani. Ukikishika kipande kilichoiva, utashangaa wepesi wake. Lakini usikishike kwa mkono wenye jasho, kwa maana kinaunguza. Kikimwagiwa maji huchemka, hupasuka kwa mlio na kuanguka kuwa unga mweupe.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kusubiri ilipoanza. Chokaa ililazwa na maji kwa wiki na hata miezi, kwa kuwa iliyozimwa vibaya huendelea kupasuka ndani ya ukuta na kuacha vishimo kwenye lipu. Ilichanganywa na mchanga au udongo mwekundu, ikapakwa, nayo ikaanza kuirudisha pole pole ile hewa iliyoipoteza motoni. Kwa maneno mengine, lipu ya chokaa hurudi kuwa jiwe. Safari hiyo huchukua miaka.

Chokaa haikuishia ukutani. Kidole kimoja cha chokaa kilipakwa kwenye jani la mtambuu, pamoja na popoo, kikatafunwa barazani. Jengo na mazungumzo vyote vilitoka kwenye tanuu.

Matokeo ya kazi hiyo yanaonekana Kunduchi. Kuna mabaki ya msikiti, na kuna makaburi ya nguzo, mengi yakiwa ya karne ya 18. Sogelea nguzo moja. Lipu yake ni laini, na kingo za mapambo bado zinasomeka pale ambapo mizizi haijaingia. Bakuli za kauri kutoka China zilipachikwa humo lipu ikiwa bado mbichi, uso ukitazama nje. Pale bakuli ilipong'olewa limebaki duara tupu, alama ya kitako chake ikiwa imechapwa kwenye chokaa. Mwizi alichukua kauri, chokaa ikabaki na kumbukumbu. Kusini mwa bandari pia, Mbwamaji, katika eneo lililokuwa la Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya, yapo makaburi ya kale yanayoonyesha kwamba ufundi huu ulikuwa wa mwambao mzima.

Mji wa Sultani na nyumba za watu

Katika miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima. Boma la Kale, lililojengwa karibu mwaka 1867, bado lipo mbele ya bandari na kuta zake nene za tumbawe na chokaa. Katika majengo ya namna hiyo urefu wa boriti za mikoko ndio uliopima upana wa chumba. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukapooza, hadi Wajerumani walipohamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Nje ya mji wa mawe chokaa ilikuwa na sura nyingine. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma, ilisimama kwa miti na udongo. Aliyejaliwa uwezo aliipiga lipu ya chokaa, au angalau aliipaka nyeupe mbele. Mitaa kama Magomeni na Temeke ilipopangwa na kupanuka baada ya Vita Kuu ya Pili, mtindo huo wa nyumba ulihamia huko.

Wazo

Mwaka 1966 kiwanda cha simenti cha Wazo kilianza uzalishaji, cha kwanza nchini. Jiwe ni lile lile la chokaa. Hapa halichomwi peke yake: husagwa pamoja na udongo na kuingizwa katika tanuri linalozunguka, ambamo mchanganyiko hufikia nyuzi 1,450 hivi, ukatoka vidonge vigumu vya klinka vinavyosagwa na jasi kidogo. Simenti haihitaji miezi shimoni. Ikipata maji inashika siku hiyohiyo.

Kasi hiyo ndiyo iliyoijenga Dar es Salaam tunayoiona. Pembeni mwa barabara za Mbagala na Tegeta matofali yanafyatuliwa asubuhi na kuanikwa juani mchana. Kunduchi kwenyewe, machimboni, wanawake wameketi miaka mingi chini ya vibanda vya magunia wakigonga jiwe la chokaa kwa nyundo liwe kokoto, ndoo baada ya ndoo.

Tangu mwaka 2004, gesi ya Songo Songo inaletwa Dar es Salaam kwa bomba, na tawi moja linakwenda Wazo. Songo Songo ni kisiwa cha Kilwa. Pwani iliyochoma chokaa ya misikiti yake kwa mikoko sasa inatuma moto mwingine kuchoma tumbawe la Kinondoni.

Kinachopaswa kutunzwa

Ingekuwa rahisi kusema simenti imeshinda na hadithi imekwisha, lakini kuta za kale hazikubali. Ukuta wa tumbawe hunyonya na kutoa unyevu, na chokaa huuacha upumue. Ukiuziba kwa simenti, maji na chumvi hufungiwa ndani, na lipu mpya hubanduka ikiwa imeng'ang'ania ngozi ya ukuta wa zamani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kazi ya namna hiyo inadai chokaa na watu wanaoijua.

Hatudai kwamba tanuu zirudi kama zamani. Kisiwa cha Mbudya na vyenzake vya jirani vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na tumbawe hai lina kazi ya kulea samaki na kuvunja mawimbi. Mikoko nayo imekwisha kukatwa ya kutosha. Lakini jiwe la nchi kavu lipo machimboni, hatua chache kutoka makaburini, na moto wa kulichoma unaweza kupatikana bila gogo la mkoko. Adimu ni fundi ambaye akiitazama chokaa shimoni anajua kama imeiva au bado. Idara zetu za mambo ya kale huorodhesha nguzo na misikiti. Fundi huyo naye aorodheshwe, apewe wanafunzi, na kazi yao ya kwanza iwe papa hapa Kunduchi: kuzilinda kingo za yale maduara matupu kwa chokaa iliyosubiriwa.